Boyie, mwewe na kifaranga cha rangi: Soma katuni kwa jicho la mfumo

Kama ulikuwa mwanafunzi Kisii au Nyamira miaka ya 2010, hii kitu ilikupitia mkononi. Ilikuja imekunjwa ndani ya gazeti la Jumamosi, au uliikuta imelundikwa kwenye kaunta ya wakala wa M-Pesa, bure, chukua moja uende. Uliisoma ukiwa umesimama stejini ukingoja gari la Keroka, ukampa binamu yako, binamu akaenda nayo shuleni, na kufikia mwisho wa wiki jalada lilikuwa limefunga mandazi ya mtu. Kurasa za ndani, zile za Boyie, ziliishi muda mrefu kidogo.

Nazungumzia Shujaaz. Ilianza Februari 2010 jijini Nairobi chini ya kampuni ya Well Told Story, na tangu hapo imekuwa katuni, kipindi cha redio, kurasa za mitandao ya kijamii na msururu wa SMS usioisha. Imeshinda tuzo ya kimataifa ya Emmy zaidi ya mara moja, ya kwanza mwaka 2012. Mhusika wake mkuu, Boyie, alikuwa na miaka 19 hadithi ilipoanza: kamaliza shule, hana kazi, kajiundia kituo cha redio cha siri chumbani, na akiwa hewani anajiita DJ B. Mtaani hakuna anayejua kwamba ni yeye.

Sasa, uliisoma vipi? Watu wengi husoma katuni kama wanavyotazama mechi ya Shabana pale Gusii Stadium: nani kafunga, nani kaanguka, nani kaonyeshwa kadi. Ni sawa, hakuna wa kukukamata. Lakini katuni iliyodumu miaka mingi ina kitu ambacho mechi moja haina. Ina muda. Na palipo na muda mrefu, mambo huanza kujirudia: shida ileile inakuja imevaa shati lingine. Ukiacha kuuliza "nini kimetokea?" ukaanza kuuliza "mbona hii imerudi tena?", tayari umeanza kufikiri kimfumo.

Usitoroke bado. Hii si hesabu ya Kidato cha Nne.

Fikiria lile tangi jeusi la plastiki juu ya ploti yenu pale Mwembe au Jogoo, Kisii mjini. Kuna bomba la kuingiza maji na kuna mifereji ya kutoa. Maji yaliyomo sasa hivi hayategemei mvua ya leo pekee. Yanategemea kila kilichoingia na kila kilichotoka tangu juzi na mtondo wa juzi. Tangi lina kumbukumbu. Ndani yake kuna boya: maji yakipanda boya linafunga bomba, yakishuka linafungua. Huo ni mzunguko wa kusawazisha, mfumo unajirudisha wenyewe pale ulipokuwa. Kisha kuna mzunguko wa pili, wa kujikuza, ambao mfano wake ni umbea. Mmoja anawaambia wawili, wawili wanawaambia wanne, na kabla ya saa sita Suneka nzima ina habari na kila mtu ameongeza chumvi yake.

Cha mwisho ni kuchelewa. Muulize mkulima wa majani chai wa Kebirigo. Anachuma mwaka mzima, analipwa kiasi fulani kila mwezi, lakini bonasi yenyewe huja karibu Oktoba. Alichoamua Januari, awe aliweka mbolea au aliiuza, hesabu yake anaiona miezi mingi baadaye. Kuchelewa huko ndiko huwachanganya watu. Ni kama shawa ya umeme ya ploti: unafungua, baridi, unazungusha kidogo, bado baridi, unazungusha tena kwa hasira, mara mgongo unaungua. Shawa haikuwa mbovu. Ilikuwa inachelewa tu, na wewe hukungoja.

Tangi, mizunguko, kuchelewa. Nusu ya elimu nzima ni hiyo. Aliyeipa umbo la kisomi ni mhandisi Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, kuanzia miaka ya 1950. Aliyeifanya isomeke na watu wa kawaida ni Donella Meadows, mmoja wa waandishi wa ripoti ya 1972 kuhusu mipaka ya ukuaji wa uchumi duniani. Kitabu chake cha kueleza fikra za mifumo kilitoka 2008, miaka saba baada ya kifo chake. Hakuandika kuhusu katuni, lakini ngoja uone.

Kabla ya Boyie kulikuwa na Juha. Muulize babu, au mwalimu mstaafu yeyote aliyekuwa akinunua Taifa Leo. Juha Kalulu ilichorwa na Edward Gitau kuanzia miaka ya 1950, na iliishi gazetini kwa miongo mingi kuliko maisha ya magazeti mengi. Hata jina lenyewe lina mchezo: juha ni mjinga, na Kalulu ndiye sungura wa hadithi za Malawi na Zambia, yule mjanja. Mjinga na mjanja ndani ya kofia moja.

Katuni ya namna ile ina vibonzo vichache tu. Jambo linaanza, linapinda, unacheka, limeisha. Kesho Juha anaanza upya kana kwamba jana haikuwepo. Kwa lugha ya tangi, kibonzo cha mwisho ndicho boya: kila kilichovurugwa asubuhi kinafungwa kabla hujageuza ukurasa. Hakuna kinachojazana. Hakuna anayetajirika, hakuna anayezeeka. Ndiyo maana inaweza kudumu miaka 50 bila kuchoka, na ndiyo maana babu aliweza kukosa gazeti mwezi mzima, akarudi, asipotee njia. Kuna wanaodharau katuni za aina hii eti hazina hadithi. Mimi naona wanatafuta tangi mahali pasipo pake. Anayejaa ni msomaji. Mtu aliyemcheka Juha kila siku kwa miaka 20 anajua upuuzi wa wakubwa unavyoanza, na hakufundishwa na kibonzo kimoja.

Katuni za mfululizo ni mnyama mwingine. Huko mambo hujazana: deni, kisasi, mapenzi, siri. Wewe unayepakua anime usiku bando la usiku likiwa rahisi unalijua hili tayari, ila labda hukulipa jina. Naruto ya Masashi Kishimoto ilichapishwa kuanzia 1999 hadi 2014. Ukiisoma kama mechi, ni mtoto anayepigana na adui mmoja baada ya mwingine. Ukiisoma kama mfumo, ni mzunguko mmoja mkubwa wa kujikuza: kijiji kinashambulia kijiji, yatima anabaki, yatima anakua na uchungu, anageuka silaha, anashambulia. Kila adui akianguka unakuta nyuma yake kiwanda kilekile kilichomtengeneza. Ndiyo maana hadithi haikuweza kuisha kwa ngumi pekee.

Basi turudi kwa Boyie, na kwa kifaranga.

Miongoni mwa mambo yaliyoipa Shujaaz sifa mapema ni wazo la kupaka vifaranga rangi kali, rangi ambayo kifaranga wa kawaida hana, ili mwewe asiwatambue kama chakula. Wengi walicheka. Kisha watu wakajaribu. Ukipita boma za watu huku kwetu, kutoka Ogembo hadi Nyansiongo, unajua kwa nini wazo kama hilo lilipata masikio: kuku wa kienyeji ndio benki ya mama. Karo ndogondogo, dawa, kitu cha kumpa mgeni ili asiondoke akisema vibaya. Na mwewe hana huruma na benki ya mtu.

Hebu tuchore tangi. Ndani kuna vifaranga walio hai. Bomba la kuingiza ni kuangua: kuku analalia siku 21, akibahatika anatoka na watoto kumi hivi. Mifereji ya kutoa ni mingi. Mwewe. Baridi, maana Nyamira asubuhi si mchezo. Ugonjwa wa kideri. Na mwishowe kuuzwa au kuliwa, ambao ndio mfereji pekee uliotaka wewe. Rangi inafunga mfereji mmoja, wa mwewe. Msomaji wa mechi anapiga makofi, goli! Msomaji wa mfumo anauliza swali la kuudhi: tangi likianza kujaa, ni mfereji upi utakaofunguka zaidi?

Jibu si gumu. Kuku wakiongezeka kwenye kiwanja kilekile, wanagombania wadudu walewale na makombo yaleyale, na wanaanza kuchakura mboga, chinsaga na sukuma ya jirani, jambo ambalo limewahi kuwatenganisha ndugu. Wakibanana, kideri kikiingia kinapita kama moto kwenye nyasi kavu. Kwa hivyo hatua inayofuata baada ya rangi ni chanjo. Hapo kuna kikwazo ambacho si cha kuku hata kidogo. Chupa moja ya chanjo ya matone ya macho hutosha kuku wengi kuliko walio katika boma moja, na ikifunguliwa haikai. Mama mwenye kuku wanane hawezi kuinunua kwa faida. Mama watano wenye kuku wanane kila mmoja wanaweza, wakikubaliana siku moja. Ona tulipofika: tumeanza na mwewe, tumeishia kwenye kama majirani wanaongea.

Kuna jambo jingine kwenye kifaranga hiki ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Njia ya zamani ya kupambana na mwewe ni kumuua, kwa mawe, kwa sumu, kwa mtego. Lakini mwewe hula panya pia. Punguza mwewe, panya wanaongezeka, na panya hawajui mahindi yako yaliyo darini ni ya mbegu au ya ugali. Rangi haimuui mwewe. Haimfukuzi hata. Inabadilisha kitu kimoja tu, yaani kile mwewe anachodhani ameona. Inagusa habari. Weka hilo neno mfukoni, tutalihitaji.

Tangi la pili ni gumu zaidi, na hapa sicheki.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,200,000 Kaunti ya Kisii na zaidi ya 600,000 Nyamira. Kisii wanaishi zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba, Nyamira zaidi ya 600. Hapa si mjini, hapa ni mashamba! Kwa desturi baba hugawia wanawe ardhi, na mara nyingi mgawo hukatwa kwa vipande virefu kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, ili kila mmoja apate kidogo cha juu na kidogo cha maji. Mgawo wa haki, kwa kizazi kimoja. Kizazi cha tatu, kile kipande ni chembamba kama kamba ya viatu.

Kulikuwa na bomba la kupunguzia. Baada ya uhuru, familia nyingi zilihamia Borabu kwenye mashamba ya makazi, yaliyokuwa ya walowezi. Wengine walinunua ardhi Bonde la Ufa. Borabu ikajaa. Kisha ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikafika hadi mpakani mwa Borabu na Sotik, na familia zilizokuwa zimehama Bonde la Ufa zikarudi zikiwa na magodoro vichwani, kwenye kipande kilekile cha babu. Bomba la kutoa likageuka la kuingiza.

Sasa fuata mzunguko. Shamba dogo, unalima bila kupumzisha udongo. Udongo unachoka, mavuno yanapungua. Pesa ikikosekana, unapanda mikaratusi kule bondeni kwa sababu inakua haraka na nguzo zina soko, na viwanda vya majani chai vinahitaji kuni za kukaushia majani. Ni akili kabisa. Kisha mikaratusi inakunywa chemchemi, na dada yako anatembea mbali zaidi na mtungi. Muda wa dada umetoka kwenye tangi lake ukaingia kwenye nguzo za umeme. Hakuna hata mmoja katika mzunguko huu aliye mjinga au mwovu. Kila mtu anafanya kilicho sawa akiwa pale alipo, na jumla yake inawaumiza wote.

Katikati ya hayo kuna kijana. Kamaliza shule, cheti anacho, shamba halimtoshi yeye na kaka zake watatu. Anaitwa mvivu. Mikutanoni, mazishini, barazani: "Vijana wa siku hizi wanataka pesa ya haraka." Wewe msomaji, huenda umeitwa hivyo ukiwa umevaa suti ya matanga.

Hapo ndipo Boyie ananisaidia. Soma toleo moja, ni kijana mmoja asiye na kazi, tukio. Soma matoleo ya mwaka, unaanza kuona vijana wengi, wa mjini na wa ocha, wasichana kwa wavulana, wote wamesoma, wote wanabangaiza. Sasa ni mtindo, si tukio tena. Soma ya miaka kumi, na huwezi tena kusema shida ni tabia ya mtu mmoja, labda uamini kwamba uvivu ulizuka nchi nzima siku moja kama mafua. Chini ya mtindo kuna muundo: ardhi, shule zinazofundisha kazi ambazo hazipo, mtaji usiofika. Na chini kabisa kuna imani, kwa mfano ile kwamba mwanaume bila shamba si mwanaume. Wanaofundisha mambo haya huchora mlima wa barafu majini. Sisi barafu tunaijua ya friji tu, kwa hivyo chukua mhogo: majani unayaona, utamu au uchungu uko chini.

Lakini nina ugomvi na Shujaaz pia, na jicho hilihili la mfumo ndilo linalonipa. Mara nyingi dawa inayopewa mhusika ni hasoo. Anza biashara. Fuga. Uza. Kwa kijana mmoja, ni ushauri mzuri sana. Kwa mia moja, hesabu inabadilika. Chukua steji ya nduthi pale Nyamira mjini. Wa kwanza kununua pikipiki alipata. Wa kumi alipata kidogo. Wa sitini anakaa kivulini akicheza drafti na wa hamsini na tisa, na mkopo wa pikipiki haujui kwamba abiria ni walewale. Kila anayeingia anapunguza sehemu ya mwenzake. Boya limefunga bomba. Katuni ikionyesha mmoja aliyefaulu bila kuonyesha steji nzima imejaa, inatuonyesha jani na kutuambia ni mhogo.

Siilaumu kupita kiasi. Hadithi inahitaji uso mmoja, huwezi kumpenda "muundo wa soko la ajira". Ila msomaji mzoefu anaweza kujijazia kile mchoraji alichokiacha nje ya fremu.

Sasa toa lile neno mfukoni.

Meadows aliandika insha maarufu, mwaka 1999, akiorodhesha sehemu 12 ambapo unaweza kuusukuma mfumo. Ukitaka picha yake nenda Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni. Jiwe kubwa kuliko gari, na mtu mmoja mwenye mtaimbo. Hasukumi popote. Anazunguka, anagonga, anasikiliza, anatafuta ufa, na akiupata jiwe linasogea kwa mkono wa mtu mmoja. Anayesukuma mahali pasipo ufa anavunjika mgongo. Kwa Meadows, sehemu dhaifu kabisa ndizo zile tunazozipigania zaidi: namba. Ongeza bei kidogo, punguza ushuru kidogo. Zenye nguvu zaidi ziko juu, kwenye kanuni, kwenye lengo la mfumo, kwenye imani iliyouzaa. Na kati ya hizo kuna mtiririko wa habari: nani anajua nini, na anajua lini.

Anatoa mfano wa mtaa mmoja karibu na Amsterdam, Uholanzi. Nyumba zilifanana, ila baadhi zilikuwa na mita ya umeme chini ya nyumba, nyingine ukumbini mlangoni, mahali unapoiona ikizunguka kila ukipita. Wenye mita ukumbini walitumia umeme pungufu kwa thuluthi moja. Bei ileile, watu walewale. Macho tu.

Kifaranga cha rangi ni mita ukumbini, upande wa mwewe. Na Boyie mwenyewe? Silaha yake si ngumi, si pesa, si mjomba mkubwa serikalini. Ni redio. Anachukua jambo ambalo kijana wa Ogembo amelijaribu shambani na kulifikisha sikioni mwa kijana wa Kilifi. Anaweka habari mahali ambapo haikuwepo. Ukiniuliza Shujaaz inahusu nini hasa, sitakwambia inahusu ukosefu wa kazi. Nitakwambia inahusu nani anasikika.

Na redio ile ilitoka kwenye karatasi ikawa kweli. Kipindi kilirushwa kwenye vituo halisi, wasomaji wakatuma SMS kwa DJ B kama wanavyomtumia rafiki, na yale waliyosema yakarudi kwenye matoleo yaliyofuata. Hapo katuni yenyewe ni mfumo, na wewe uliyetuma SMS kwa kredo yako ya shilingi tano ulikuwa bomba mojawapo. Japani wana toleo kali la jambo hili: jarida la Weekly Shonen Jump, linalochapisha One Piece tangu 1997, limekuwa likiwauliza wasomaji wachague hadithi walizozipenda, na hadithi isiyopigiwa kura haikai. Ukijua hilo, unaelewa mbona hadithi nyingi za Jump huwa na pambano kila kona. Mwandishi anakimbizwa na kura.

Boyie hakimbizwi na kura za aina hiyo, kwa sababu karatasi yake hukuinunua. Ni swali ambalo mashabiki hawapendi, lakini mtu wa mabomba lazima aulize: maji yanaingilia wapi? Shujaaz imeendeshwa kwa kiasi kikubwa na pesa za wafadhili wa maendeleo na washirika wa kibiashara. Anayelipa ana mambo anayotaka vijana wayajue: kilimo, afya ya uzazi, pesa, uchaguzi. Mengi ni mambo mazuri, na mengine hungeyasikia kwingine. Lakini yale yasiyo na mfadhili, je? Nani anafadhili hadithi ya kaka wanne na kipande kimoja cha ardhi, ambapo hakuna bidhaa ya kuuza mwishoni? Unaposoma, angalia kilichomo. Kisha angalia kisichowahi kuwemo.

Angalia pia siri ya Boyie. Mwaka baada ya mwaka anakaribia kujulikana na hajulikani. Kwa muundo, siri hiyo ni boya la mfululizo mzima: hatari ikipanda kuna kitu kinaishusha. Ikivuja hadharani moja kwa moja, hadithi ya kijana anayesema ukweli kwa sababu hakuna anayejua ni nani itakuwa imeisha, na nyingine italazimika kuanza. Waandishi wanalijua hilo. Nadhani ndilo linalomfanya Boyie awe karibu nasi kuliko mashujaa wenye kapu la nguvu: jina lake la kweli halina uzito, jina la bandia ndilo linalosikilizwa. Vijana wangapi wa Kisii wana akaunti isiyo na sura, yenye wafuasi wengi, na nyumbani bado wanatumwa dukani katikati ya sentensi?

Ukitaka kujaribu, chukua katuni yoyote unayoifuata, ya karatasi au ya simu. Usianze na mhusika, anza na kitu kinachojaa au kupungua: pesa, hasira, imani, idadi ya vifaranga. Chora mshale wa kila kinachokiongeza na kila kinachokipunguza. Kisha tafuta mshale unaozunguka ukarudi ulikoanzia, maana huo ndio unaoendesha hadithi. Mwisho tafuta mahali ambapo mtu anaamua leo kwa kuangalia habari za jana. Nyuma ya daftari panatosha, na ukichora na mtu mtagombana, ambayo ndiyo raha yake. Mmoja atasema mwewe ndiye shida. Mwingine atasema ni kuku waliozidi. Mwenye nyumba atasema ni nyinyi mnaochora badala ya kwenda kuchuma majani chai.

Kuna jambo moja ambalo mishale haitakueleza, nalo ni kwa nini ulicheka. Niliwahi kumwona mzee mmoja soko la Daraja Mbili, miwani imefungwa kwa uzi, akisoma toleo la kale la Shujaaz lililokuwa limefungia njugu. Sheng ile ya Nairobi haikuwa yake, sina shaka nusu ya maneno yalimpita. Alifika kwenye picha, akatikisa mabega, akaikunja ile karatasi vizuri na kuitia mfuko wa koti. Njugu aliziacha zimemwagika kwenye kiganja cha mjukuu.